Kitambaa Ndani ya Bomba la Samaki

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo kwa nia njema na sasa limenigeukia. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sebuleni, na mume wangu ni fundi wa vioo vya madirisha ambaye ametengeneza kwa mikono yake tangi la samaki refu kama kochi, maji yanashuka kwa bomba moja hadi kwenye tangi dogo lililo ndani ya kabati chini yake na pampu, iliyochomekwa kwenye soketi humo humo kabatini, inayarudisha juu, na kando ya bomba hilo lipo la pili, kavu, ambalo sijawahi kuliona likipitisha hata tone. Samaki ni wazuri, sikatai, lakini lile bomba la kwanza lilikuwa linafyonza hewa na kukoroma kutwa kucha, na tangu mama mkwe atoke hospitali analala hapo hapo sebuleni, godoro lake limegusana na kabati, kila asubuhi anaamka macho mekundu akisema, "Mwanangu, hilo dude lako linaninyima usingizi," na mume wangu anamjibu, "Utazoea, mama." Hakuzoea. Siku moja nikamkuta analia kimya kimya huku anajifanya anakunja shuka, roho ikaniuma, nikachukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye pindo la gauni la mteja, nikakisokomeza kwenye mdomo wa bomba, na baada ya muda mfupi kelele ikakata.

Sasa asubuhi ya siku hiyo mume wangu alikuwa amebandika sponji ya kumeza kelele ndani ya milango ya kabati, basi aliporudi na kukuta kimya akajua ni sponji yake, akawaita majirani waje wasikilize, na mama mkwe, ambaye siku hizi analala fofofo, anamwombea dua kwa sauti, "Mwanangu amenisikia jamani," nami nimeinamia cherehani yangu nashona. Lakini nimeona maji ya tangi yamepanda upana wa kidole na yameanza kuchuruzika kwenye lile bomba kavu, na mume wangu, ambaye hajachungulia kwenye mabomba hayo, amesema Jumamosi ataliziba kwa kizibo kwa sababu halina kazi, apange mawe ya kupendeza juu yake. Nikisema nitamwaibisha mbele ya mama yake na majirani, nikinyamaza sijui, niambie wewe, maji yakizidi yatakwenda wapi?

Mshonaji wa Sebuleni

JIBU

Mshonaji, jibu unalo: yatakwenda kwenye godoro la mama mkwe, na njiani yatapitia soketi ya pampu. Umeona maji yanapanda, ukakaa kitako kuniandikia barua! Godoro lisogezwe leo, kabla hujamaliza kusoma.

Nimemuuliza fundi anayefunga mabomba ya matangi kama hilo. Alianza kucheka, nilipofika kwenye habari ya kizibo akaacha. Anasema bomba linakoroma kwa sababu linameza maji na hewa kwa pamoja. Likijaa maji matupu, linatulia. Kitambaa chako kilibana njia, maji yakapanda, mdomo wa bomba ukazama, hewa ikakosa pa kuingilia. Kwa hiyo wazo lako halikuwa baya, dada, ulikosea kifaa. Kitambaa hushika utelezi na kuvimba, na siku kikiziba kabisa, maji yote yatalitegemea bomba lile mnalosema halina kazi. Kazi yake ndiyo hiyo, kukaa likisubiri siku ya balaa.

Basi chomoeni pampu kwanza, ndipo kitambaa kitoke. Mumeo aweke koki kwenye bomba la kwanza, awashe tena pampu, aibane koki taratibu mpaka kelele ikate na maji kidogo tu yabaki yakichuruzika kwenye la pili. Hilo likishapata kibarua, aongeze la tatu la dharura, mdomo wake juu kidogo kuliko hayo mawili lakini chini ya ukingo wa tangi, na hilo lisiwekwe koki wala kizibo, wala jiwe la kupendeza. Soketi itoke kabatini, ipandishwe ukutani. Kisha azime pampu aone kama tangi la chini linapokea maji yote yanayoshuka bila kufurika. Asiruke hatua hiyo kwa kiburi cha ufundi.

Na yeye nina neno naye. Mikono yake ni hodari, hongera zake, lakini mama aliyetoka hospitali haambiwi "utazoea". Mwambie mkiwa wawili, bila kuzungukazunguka: "Niliweka kitambaa kwa sababu mama alikuwa analia." Akinuna, anune. Akimaliza kununa atakumbuka ulisema mama yake alikuwa analia, na hapo ndipo mazungumzo yenu yataanza. Majirani watajifunza kitu kipya, hakuna atakayekufa kwa hilo.

Mkimaliza kazi, mwiteni mama mkwe akae karibu. Mumeo aifunge koki makusudi, mkiwa mmesimama hapo, maji yalishinde bomba la pili, yapande mpaka la dharura lianze kunguruma, kisha aifungue. Mwambieni, "Mama, ukiisikia hii, tuite."

Na safari hii akiwaambia kuna kelele, amkeni.