Mkebe Niliomsomea Ramazani

Kabambare, Jumatano, jioni

Na leo tena sikumwambia.

Ramazani amekuja kwa pikipiki kutoka Lusangi kunitazama, maana amesikia nguvu zimeniisha. Ameleta kuku aliyemchinja mwenyewe. Tukiwa tunakula, akamsimulia mke wa mwanangu habari ileile ya jeshini.

"Mama, kule porini walitupa biskuti ngumu kama tofali, na mukebe moja ya nyama kwa kila mutu. Mimi sikujua Kifaransa. Huyu baba yako ndiye alinisomea: 'Acha, iko nguruwe!' Bila yeye ningekula haramu."

Ilikuwa ng'ombe. Iliandikwa wazi, na katika kikosi chetu ni mimi tu niliyekuwa nimemaliza shule. Nilikuwa na njaa. Basi kila mgao nikamsomea nguruwe, naye akanipa mkebe wake na kunishukuru. Aliloweka biskuti katika maji ya mto, akatembea hivyo mpaka miguu ikamvimba. Mimi nilitembea nimeshiba.

Leo nilifungua kinywa niseme. Akaniwekea firigisi, sehemu ya mkubwa wa nyumba.

"Kula, Profesa! Ao meno imekwisha?"

Wote wakacheka. Nikaila.

Sasa yuko uani, namsikia akiniombea dua. Kesho asubuhi anarudi Lusangi, na sidhani atanikuta tena. Nitauchana ukurasa huu nimpe mkononi. Kiswahili anakijua. Atausoma mwenyewe, bila mimi kumsomea.