Udongo Wenye Dawa

Jumatatu, 8 Julai

Kijiko kinaoshwa, glavu zinabadilishwa, udongo unaingia kwenye chupa, chupa kwenye boksi la barafu. Shimo jingine. Kijiko, glavu, chupa. Ndani ya ovaroli ni tanuri. Ghala la zamani lililokuwa hapa lilikwishabomolewa, lakini dawa za kuulia wadudu zilizowekwa humo zimevujia ardhini miaka na miaka, nasi tunapima zimefika wapi. Naogopa harufu yake. Sijamwambia mtu.

Akina mama waliotoka kukoboa mpunga walisimama kwenye utepe wa kuzuia watu, wakauliza kama tunachimba madini. Nikawaambia hapana, udongo huu una dawa kali sana. Ahaa. Wakaenda zao.

Jumanne, 9 Julai

Turubai limefunuliwa. Rundo la udongo tuliochimba limechotwa, alama za ndoo ziko wazi. Injinia kafoka mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilicheka. Nani aibe udongo?

Jioni kicheko kimeniisha. Mtu hachoti udongo bure.

Jumatano, 10 Julai

Nimejua. Muuza vitumbua, mmoja wa wale akina mama wa juzi, kaniuliza, kwa heshima zote, kama nitamwekea kidogo, mchwa wanamlia nguzo za nyumba. Wenzake wamekwishapata. Wengine wamekandikia sakafu, wengine wametia kwenye banda la kuku kuua utitiri. Si dada mwenyewe ulisema una dawa?

Nikafa ganzi. Dawa! Huku dawa ndiyo hiyo ya kupulizia shambani na ndiyo hiyo ya homa ya mtoto. Kwa nini sikusema sumu? Mdomo uliponza kichwa.

Tumepita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji. Wote wanakana, wanadhani tunadai mali yetu. Giza likatukuta hatujavuka kijito. Ng'ambo kule ndiko kwa Mama, anakonilelea mwanangu Skola, mimi nikilala Ifakara na timu. Mama hawezi kufanya hivyo. Mama ana akili zake.

Alhamisi, 11 Julai

Mama kaweza.

Sakafu imekandikwa upya, laini, inanuka vilevile kama shimoni. Skola anatambaa juu yake, kidole mdomoni. Mtoto huyu anapenda kulamba udongo, kama mimi nilipokuwa na mimba yake. Nilimnyakua. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Hata shikamoo sikumpa Mama. Alisimama na kata ya maji mkononi, anasema funza walikuwa wanammaliza mtoto vidole, mwanangu, na wewe ndiye uliyetuletea dawa.

Nikamwogesha kwa sabuni, mikono, mdomo, kucha. Nguo zake kwenye mfuko. Bodaboda mpaka hospitali. Njia nzima namnusa pumzi. Wamechukua damu, wametulaza. Daktari anasema tungoje.

Nangojaje? Mungu wangu, nangojaje?

Ijumaa, 12 Julai

Amenyonya. Hajatapika. Akilala namwamsha, nione kama ataamka.

Jumamosi, 13 Julai

Dada yangu kabaki na Skola wodini. Mimi nimeingia nyumbani kwetu na ovaroli na barakoa kama mgeni. Tumeloanisha sakafu vumbi lisipande, tumeikwangua, tumeijaza kwenye mapipa. Kisha sampuli ya chini, tujue sumu imezama hadi wapi. Nimechota pale pale kilipokuwa kitanda nilichozaliwa juu yake. Chupa ikaniponyoka, nikaanza upya.

Majirani walikuwa wanatazama. Yule wa vitumbua akajitokeza, njooni na kwangu. Kisha mwingine. Hadi jioni tulikuwa tunakwangua sakafu za watu. Hakuna aliyetubishia.

Mama hanisemeshi. Namwonea huruma na nina hasira naye, vyote kwa pamoja. Nina hasira zaidi na ulimi wangu.

Alhamisi, 25 Julai

Majibu ya sakafu iliyokwanguliwa: sumu ipo, nyingi. Ya chini yake: safi. Skola hana dalili, ila arudishwe apimwe tena, na tena. Mpaka lini, daktari hakusema.

Tangu tutoke hospitali Mama hajamshusha mgongoni. Anapika naye, anapepeta mchele naye. Leo mgongo umemshinda. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, ya kwanza tangu siku ile. Akatandika mkeka, na mkeka mwingine juu yake, akamweka mtoto katikati. Tukakaa huku na huku, tunatazama vidole vyake.