Springi Fupi za Datsun

Kasulu, 9 Aprili 1976

Kaka Longinus,

Mvua tumeishiba huku. Springi fupi ulizotuma tulizifunga, na kweli Datsun imekaa chini zaidi, hailali tena kwenye kona. Baba anasema siku ya mashindano ya magari utawaacha wote.

Ila Jumanne mkeo alishikwa na uchungu. Njiani kwenda hospitali ya Kabanga gari likakalia tuta la katikati ya barabara, likagoma. Wanaume wa kijiji cha Heru Juu wakanicheka, “Binti, gari lenu limechuchumaa!” Kisha wakambeba wifi kwa machela hadi hospitali.

Mtoto wa kike, mzima. Baba amerudisha springi za zamani, usikasirike. Naona haya kuandika hili: jina la mtoto wifi amenikataza kukutajia. Anasema uje umuulize mwenyewe.

Mdogo wako,
Immakulata