Mdomo Uliobetuka

Jumatano, 15 Januari 2014

Jino la nyuma limepasuka tena. Safari hii kazini, na sikuwa natafuna kitu. Mchana nasaga vioo vya miwani kwa mashine, usiku nasaga meno. Kile kiplastiki cha kuvaa wakati wa kulala nimekitoboa. Daktari wa meno amenichoka, kanipeleka kwa mtaalamu wa taya. Dawa yenyewe ni botoksi. Nilicheka. Ile ile ya kunyoosha makunyanzi. Anasema ikichomwa kwenye msuli wa taya, msuli unalegea, unakosa nguvu ya kuuma ovyo.

Sitamwambia mtu. Mama wa miaka hamsini na minne, botoksi! Kanisani wangenisema mpaka Pasaka.

Ijumaa, 17 Januari

Nimechomwa. Daktari aliniambia niume kwa nguvu, akachora alama kwa kalamu pale msuli ulipotuna, akachoma pande zote mbili. Maumivu ya kawaida. Onyo: nisishike mashavu wala kuyasugua mpaka kesho.

Kurudi Malvern, mtaa wetu wa pembezoni mwa jiji, ni safari, na baridi ilikuwa kali. Nilifika taya linauma. Nikachemsha maji, nikachovya taulo, nikakanda. Sikuwaza. Kwetu kinachouma kinakandwa. Mama yangu alikanda kila kitu, hata huzuni. Kushoto kuliuma zaidi, basi nikakanda zaidi kushoto.

Jumatatu, 27 Januari

Nimeamka bila kichwa kuuma. Sikumbuki mara ya mwisho. Dawa inafanya kazi.

Tatizo: nikitabasamu, kushoto hakupandi. Kulia kunakwenda peke yake. Kwenye kioo naonekana kama nambetulia mtu mdomo.

Nilimpigia daktari. Akauliza kama nilisugua. Nikasema nilikanda. Akashusha pumzi. Dawa imesogea, imegusa msuli wa tabasamu. Itaisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Hakuna cha kuirudisha.

Jumamosi tuna posa. Daudi, mwanangu wa pekee, anataka kumwoa Aline wa Mount Dennis, mtaa wa upande wa pili wa jiji. Wazazi wake ni Wakongo, walikuja wakikimbia vita. Aline hana kosa. Ila nilitaka msichana wa kwetu. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Jumamosi, 1 Februari

Posa. Nyumbani mama wa bwana harusi hakai mbele kwenye mambo haya. Huku ughaibuni ndugu hatuna, na baba Daudi yuko Mwanza na familia yake nyingine. Tulikwenda watatu: mimi, Daudi, na Mzee Elia wa kanisani kama mshenga. Mzee Elia alizungumza vizuri mno, anajipenda akizungumza.

Nilikaa mkabala na Mama Aline. Kila aliponikaribisha, nilitabasamu. Nilikuwa nasahau. Mara ya tatu akashusha macho.

Ikaletwa nyama ya mbuzi. Vipande viwili tu, taya likachoka kama miguu iliyopanda ngazi. Nikaacha sahani imejaa. Mama Aline aliitazama ile sahani zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

Walisema watatujibu.

Jumatatu, 3 Februari

Hawajajibu. Meno hayaumi kabisa.

Jumatano, 5 Februari

Wamejibu kupitia Aline. Baba yake anasema mazungumzo yasimame. Hampeleki binti yake kwenye nyumba ambayo mama mkwe ameanza kubetua mdomo hata kabla ya harusi, na chakula chao amekisusa. Mkimbizi si takataka. Ndivyo alivyosema.

Daudi alinieleza akiwa amesimama mlangoni na koti mwilini. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mwisho tu akasema kwa Kiswahili: "Mama, kwa nini?"

Nilimwambia jino lilikuwa linauma. Akaondoka. Najichukia.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani habari zimeenea. Mzee Elia hanisalimii, anasema nimemvunjia heshima mbele za watu. Wakati wa chai mama mmoja alininong'oneza kwamba nimefanya vyema, Wakongo si wenzetu. Nikatabasamu kwa adabu. Mdomo ukaenda upande. Akaniacha pale na kikombe changu, amenuna. Leo mdomo ulisema kweli.

Lakini nilichukia kuona amedhani mimi na yeye ni kitu kimoja. Pengine hakukosea.

Daudi hali kwangu tena.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda peke yangu. Basi, treni, basi jingine. Daudi hajui.

Mama Aline alifungua mlango akabaki ameushikilia. Nilisema yote palepale, buti zikiwa na theluji: meno, sindano, taulo la moto. Botoksi niliitaja kwa sauti. Nikamwonyesha. Nikatabasamu, nikanuna, nikajaribu kupiga mluzi, hewa ikatokea pembeni. Wadogo zake Aline walicheka huko jikoni. Mama yao hakucheka. Alinibonyeza shavu kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua parachichi.

"Mdomo nimesikia," akasema. "Na roho yako?"

Hilo sikulitegemea. Kudanganya kungekuwa rahisi, uso wenyewe haufanyi kazi. Nilimwambia roho ilitaka msichana wa kwetu. Nikamwambia naona haya.

Aliuachia mlango.

"Ile siku nililia, mama. Nilizani unatuzarau. Kumbe ilikuwa kweli kidogo."

Nikasema ndiyo, kidogo.

"Bon. Ingia, unaleta baridi."

Akaniwekea fufu na sombe, kisamvu kwa jina letu. Akasema nile, fufu ni ya kumeza, haiombi meno. Nilimaliza sahani. Kuhusu posa hakusema neno na mimi sikuuliza. Kwenye treni ya kurudi nililia, jambo ambalo silifanyi.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwambia Daudi kila kitu, pamoja na lile la msichana wa kwetu. Alisikiliza bila kunitazama. Kisha akala ugali, akaosha vyombo. Bado ana hasira. Ana haki.

Jumapili, 23 Februari

Baba Aline amempigia simu Mzee Elia. Turudi. Mzee Elia anasema ameacha ushenga, hataki tena kuaibishwa. Kisha akauliza ni saa ngapi, na kama watapika mbuzi.

Jumapili, 2 Machi

Wamekubali. Harusi ni Agosti.

Baada ya chakula Aline alitupanga sebuleni tupigwe picha, mimi na mama yake katikati. Nilisema mimi nitafumba mdomo tu. Daudi akahesabu mpaka tatu, akapiga kwa simu yake. Mzee Elia alikuwa bado anaongea.

Tukaitazama. Sikufumba. Nimetabasamu nusu, vilevile. Na pembeni yangu Mama Aline amebetua mdomo wake kwa makusudi, upande uleule.

Daudi alitaka kupiga nyingine. Tulikataa wote wawili.