Simu ya Mama Ndani ya Sanduku

Jumatano

Kumbe yuko salama. Tangu Jumapili mama alipoenda Kigali na akina mama wa kanisa, simu yake ilikuwa haipatikani, na ana presha. Leo kwa mawazo nimekata kitambaa cha mteja vibaya.

Nilimwambia azime data akivuka mpaka, atumie Wi-Fi ya hoteli. Jioni hii amenipigia kwa simu ya mwenzake.

"Si ulisema itakula pesa huku? Nikaizima yote, nikaiweka kwa sanduku."

"Na dawa, Mum?"

"Nameza. Usisumbuke."

Nilikuwa nimepanga kumgombeza. Lakini alifurahi sana kwamba hajaniongezea gharama. Nikamwambia amefanya vizuri, kisha nikafunga duka hapa Bondeni mapema, nikalia kidogo.