Jaketi la Mpishi wa Kambi

Tarehe 11 Aprili

Mjukuu wangu,

Huna adabu. Mdogo wako amechukuliwa na mto, na mimi naletewa karatasi ya kampuni yenye mhuri, eti wanasikitika. Wewe uliyekuwa naye boti moja, mkono umevunjika? Kama haukuvunjika, mwandiko wako uko wapi?

Salamu utazipata, sijasahau. Mimi mzima, mguu tu ndio unasumbua kama kawaida yake. Wewe hujambo? Haya, tumemaliza, sasa nijibu.

Dereva wa kampuni alikuja Jumanne akasimama mlangoni na kofia mkononi, macho chini. Nikamwambia aketi, akaketi juu ya mashuka niliyokwisha kuyapiga pasi. Ndipo akasema. Siku tatu mmetembea msituni salama, siku ya nne mkapanda boti za mpira, boti yako ikapinduka kwenye maporomoko. Wageni sita wametoka. Wewe umetoka. Chiriku, mpishi wenu, hakuonekana.

Mimi niliwalea ninyi wawili tangu mama yenu alipofariki, chumba kimoja, kitanda kimoja. Chiriku ndiye aliyekufundisha wewe kuogelea, kaka mzima unafundishwa na mtoto. Alikuwa akivuka lile bwawa la machimbo ya kokoto kwenda na kurudi huku mdomo haufungi. Sasa inakuwaje azame yeye, uibuke wewe?

Niandikie mwenyewe. Dereva atapita kwangu kila anapopeleka wageni. Huko simu haishiki, najua, usinijazie karatasi kwa habari za simu.

Bibi yako


Tarehe 19 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na unatumia ile dawa ya kuchua, hukuiweka tu kabatini. Mimi ni mzima wa mwili.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kila nikianza kuandika naishia kwenye tarehe.

Mvua ilinyesha mlimani usiku wa tatu, maji yakapanda. Asubuhi niliutazama mto nikaona unapitika. Kwenye poromoko la pili tulipigwa ubavuni, boti ikapinduka. Nilishika wageni wawili, wengine wakashikwa na boti ya nyuma. Chiriku nilimwona mara moja, upande wa pili wa mwamba, mkono juu. Halafu sikumwona tena. Ni ajali, Bibi. Mto ni mto.

Tulimtafuta siku sita. Kampuni imesema inatosha, kuna wageni wengine Jumamosi. Mimi nimebaki kambini, kila asubuhi natelemka kingo zote mbili. Sijakata tamaa.

Mjukuu wako


Tarehe 26 Aprili

Wewe,

Hujambo. Mimi sijambo, na dawa naitumia.

Usiniambie mto ni mto. Miaka thelathini na moja nimefua mashuka ya hospitali, nimeona kila aina ya doa, na kila aina ya mtu anayesema halikuwa lake. Barua yako imefuliwa. Haina hata alama.

Dereva amekula chakula changu, ulimi ukalegea. Anasema wapagazi wananong'ona kwamba Chiriku alipanda boti bila jaketi la kuelea. Nikamuuliza, hilo jaketi lilikuwa wapi? Akaanza kuchungulia dirishani kwa jirani fundi bati kana kwamba kuna sinema.

Basi nakuuliza wewe. Lilikuwa wapi?

Na lingine. Mimi sina kaburi la kwenda, sina hata pa kuelekeza uso. Wewe ndiye kiongozi wa msafara, wewe ndiye unayevaa ile fulana iliyoandikwa mgongoni. Mtu akienda na watu saba harudi na sita akasema ni ajali. Usirudi kwangu bila yeye. Awe vyovyote atakavyokuwa. Mlango huu sitakufungulia.

Bibi yako


Tarehe 10 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nakuombea afya. Mimi ni hivyo hivyo.

Jaketi alikuwa nalo mgeni.

Nitakueleza yote, kisha utaniita utakavyo. Moja ya majaketi lilikatika kishikizo safari iliyopita. Nilimwambia meneja, akasema tulifunge kamba mpaka mapya yafike. Huwa tunafanya hivyo, tunafunga mafundo mawili, linashika. Asubuhi ile likamwangukia bwana mmoja, mtu mzima mwenye kitambi, akakataa. Akasema hakulipia kuvaa kamba. Wageni wote wananitazama. Mimi nina kishikizo kizima, lakini kanuni yetu kiongozi havui lake, maana ndiye anayerukia watu majini. Nikamgeukia Chiriku. Nilimchagua kwa sababu ndiye anayeogelea kutushinda wote. Nilifikiri hivyo, Bibi, nilifikiri kabisa, haikuwa haraka.

Akalivua akicheka. Akamwambia yule bwana, "Baba, vaa, lakini usilaumu, linanuka vitunguu." Kisha akachukua lile la kamba. Tulipofika majini nikaona hakulivaa, amelikalia. Nikamwambia alivae. Akasema kamba inamkwaruza shingo, atalivaa kabla ya poromoko. Sikurudia kumwambia.

Yule bwana alitoka. Aliniachia shukrani na miwani ya jua.

Kampuni imeniachisha. Wamesema niliingiza boti kwenye mto uliojaa bila ruhusa, na fulana wameichukua. Sina la kubisha. Nimeazima hema bovu, nakaa chini ya kambi, mahali maji yanapotulia. Wazee wa hapa wanasema vitu vingi hutua pale. Hadi sasa imetua sufuria yetu kubwa, bila kifuniko.

Nimesikia ulichosema kuhusu mlango.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Julai

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi nipo.

Dereva amepita mara tatu akiulizia barua, nikamwambia wino umekwisha. Wino ulikuwepo.

Mwezi wa tano kampuni walileta begi la Chiriku lililobaki kambini. Gauni la kijani, khanga mbili, soksi, aproni yake ya kupikia. Nikazipokea, nikazitazama, nikaona matope. Unajua nilifanya nini? Nikachemsha maji. Nikaziloweka, nikasugua, nikasuuza mara tatu, nikaanika. Mikono ilikwenda yenyewe. Zilipokauka nikachukua aproni nikaiweka usoni, ikanuka sabuni. Sabuni tupu. Nimetafuta mshononi, mfukoni, kwenye kamba ya kiunoni. Sikuacha kitu. Miaka thelathini na moja kila mtu ananisifu kwamba siachi kitu.

Kwa hiyo usifikiri ni wewe peke yako uliyemaliza mtoto.

Na kuna jambo hulijui. Kazi ile hakuitaka. Alitaka kubaki hapa ajifunze ushonaji kwa yule mama wa mtaa wa pili. Mimi ndiye niliyemwambia anakaa bure, anakula anaongea, aende akakuangalie wewe kaka yake maana wewe peke yako ni kichwa maji. Alinuna siku mbili. Chiriku, siku mbili bila neno. Asubuhi ya tatu akafunga begi.

Nakutumia sweta, sabuni na chumvi. Ukichoka, njia unaijua. Sisemi zaidi ya hapo.

Bibi yako


Tarehe 20 Julai

Bibi,

Shikamoo. Sweta limenitosha. Homa inakuja jioni inaondoka, usijali.

Nimeyasoma yote. Usijibebeshe. Mimi ndiye niliyemtazama akivua.

Mahali pale pa maji yaliyotulia nimemaliza, nimepiga mbizi kila shimo. Kesho nahamia chini zaidi, kuvuka maporomoko ya mwisho, ambako boti haziendi. Dereva hafiki huko, kwa hiyo barua zitachelewa. Ukiniandikia, aache pale tunapotelemshia boti, nitapanda kuja kuchukua.

Hukusema nirudi. Ulisema ukichoka. Sijachoka, Bibi. Ulisema nisirudi bila yeye na mimi nimekutii. Maishani mwangu hilo ndilo jambo moja nitakalolifanya kama nilivyoambiwa.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Septemba

Mjukuu wangu,

Hujambo, mwanangu? Mimi si mzima. Leo nasema ukweli kwa kuwa nimegundua uongo wa salamu hauna faida.

Barua zangu mbili za mwezi wa nane dereva amenirejeshea. Zilikaa palepale chini ya jiwe, zimevimba, wino umekuwa maji ya buluu. Alitembea nusu siku kuteremka huko ulikosema. Amekuta hema limelala chini, sweta liko juu ya kichaka limeanikwa, limeshakauka na kuloa na kukauka tena. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Ananiambia huku haniangalii, kama mara ile ya kwanza. Safari hii hakuketi.

Zile barua mbili zilisema neno moja, nami nalirudia. Nilikosea. Usilitafute hili neno katika barua zangu nyingine, hulipati. Nilikwambia usirudi bila yeye kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe ndiye uliyebaki wa kuitupia. Nikawa na nafasi ya kulifuta mwezi wa saba, nikaandika habari za sabuni. Nilitaka uombe. Mimi nataka watu waombe.

Chiriku hayupo. Mto hautamtoa, na ukimtoa hatakuwa yeye. Acha kumtafuta. Rudi mikono mitupu. Mlango hauna komeo tangu mwezi wa nane, nimemwambia fundi bati aling'oe, kwa hiyo usibishe hodi, ingia.

Dereva anasema hii ndiyo ya mwisho, kampuni inahamishia safari mto mwingine. Nimeifunga kwa nailoni mbili na ataining'iniza mtini palepale, juu, maji yasifike.

Bibi yako

Na wewe mwingine uliyeifungua, mpagazi au mgeni au nani sijui: hii si yako. Ikunje ilivyokuwa, funga nailoni zote mbili, kaza fundo, irudishe mtini.