Mafuta ya Taa ya Bi Mwanaidi

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, na shangazi yako amejifungua salama.

Kwa kuwa nawe uko safarini, umeuliza tulipata wapi mafuta ya jiko tulipokwenda Kiwangwa kwa miguu. Ilikuwa wakati wa vita, madukani hayakupatikana, na yetu yalituishia kijijini Fukayosi. Bi Mwanaidi, mjane aliyetukaribisha, alimimina mafuta yote ya taa yake katika jiko langu. Kuni zilijaa mlangoni pake. Mwenzangu Hamisi akanicheka: “Bwana mkubwa, unaogopa moshi?” Kweli, niliionea huruma kanzu yangu nyeupe. Nikachemsha chai.

Baada ya magharibi wakaja watoto aliokuwa akiwasomesha Kurani. Akawaambia, “Fungeni juzuu, wanangu. Leo someni mliyohifadhi.” Wakasoma gizani. Mdogo wao alikwama aya ya tatu, akarudia, akakwama tena.

Jiko lilikuwa limebaki na mafuta nusu, nami nilijua. Lakini kuyarudisha mbele yao kungekuwa kukiri kosa langu, nikaendelea kunywa chai. Asubuhi niliondoka na mafuta hayo.

Ukikosa mafuta huko njiani, mwanangu, okota kuni.

Babu yako